Ubuntu Server ijiinstoli yenyewe: faili moja, flashi moja, kibodi huigusi

Kama unainstoli mashine moja kwa mwaka mzima basi huu mwongozo haukuhusu sana, chomeka flashi yako, jibu maswali, maliza, endelea na maisha. Ila kama umepangiwa mashine ishirini mezani na kila moja inataka umwambie lugha, kibodi, diski, jina, pasiwedi, halafu tena "una uhakika?", ukifika ya saba unaanza kukosea, ya nane umeipa jina la ya saba, ya kumi na mbili hukumbuki kama uliweka SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) au hukuweka. Hapo ndo unaanza kutafuta njia ya kuifanya mashine ijijibu yenyewe.

Habari njema ni kwamba njia ipo na si ngumu kihivyo. Kila instola kubwa ina mlango wa nyuma wa kupokea majibu kutoka kwenye faili. Debian wanaita preseed, Red Hat na Fedora wanaita Kickstart, Windows ina faili lake la autounattend.xml, na Ubuntu Server tangu toleo la 20.04 la mwaka 2020 wana kitu kinaitwa autoinstall. Wazo ni lilelile kote: maswali yote unayajibu mara moja, kwenye faili, ukiwa umekaa umetulia na akili yako yote, halafu mashine zinasoma. Hapa nitaenda na Ubuntu Server 24.04 maana ndo ninayoishi nayo kila siku, hizo nyingine nitazigusa mwishoni.

Kuna watu watasema mbona usiinstoli moja halafu uikopi kwa dd au Clonezilla (programu za kunakili diski nzima) kwenye zote? Inawezekana na ni fasta, lakini unakopi mpaka vitambulisho. Mashine zote zinakuwa na funguo zilezile za SSH na faili lilelile la /etc/machine-id, na kwenye Ubuntu hiyo machine-id inatumika kuomba IP, kwa hiyo mashine mbili zinaweza kuomba IP kwa kitambulisho kimoja na DHCP, yaani huduma inayogawa anwani za IP, ikazipa anwani ile ile, na utakaa siku nzima unajiuliza kwa nini mtandao unakatika katika. Inarekebishika, ila lazima ukumbuke kurekebisha. Autoinstall inainstoli upya kila mashine kwa hiyo hilo halipo.

Anza kwa kuinstoli moja kwa mkono

Usianze na faili tupu. Chukua mashine moja, au mashine pepe kwenye kompyuta yako, iinstoli kawaida kabisa kwa kujibu maswali kama siku zote. Ikimaliza ingia humo ndani, utakuta instola imeshakuandikia majibu yako yote kwenye faili hili:

```
sudo cat /var/log/installer/autoinstall-user-data
```

Hilo ndo la kuanzia. Lipo tayari kwa muundo unaotakiwa, unalipunguza na kulibadilisha tu. Kitu kimoja, sehemu ya storage humo ndani imeandikwa kwa vipimo vya diski ya ile mashine, mpaka serial namba yake ipo, kwa hiyo ukilipeleka hivyo hivyo kwenye mashine nyingine litakataa. Hiyo sehemu ifute yote, tutaiandika upya fupi.

Baada ya kusafisha, faili langu, ambalo jina lake lazima liwe user-data bila .txt wala .yaml mwishoni, linafanana hivi:

```
#cloud-config
autoinstall:
  version: 1
  locale: en_US.UTF-8
  timezone: Etc/UTC
  keyboard:
    layout: us
  identity:
    hostname: BADILISHA
    username: fundi
    password: "$6$hapa-inakaa-hashi-ndefu"
  ssh:
    install-server: true
    allow-pw: false
    authorized-keys:
      - "ssh-ed25519 AAAA... fundi@laptop"
  storage:
    layout:
      name: lvm
      sizing-policy: all
      match:
        path: /dev/nvme*
  packages:
    - vim
    - htop
  shutdown: poweroff
```

Mstari wa kwanza ule wenye alama ya reli si maelezo ya kupuuzia, ukiuondoa faili zima linapuuzwa na instola inakuja kukuuliza maswali kama hakuna kilichotokea. Nafasi za mwanzo wa mstari ni spesi, si tabo, hata moja. Hii ni YAML, muundo wa kuandika mipangilio kwa maandishi, ina kisirani. Kabla hujaenda nalo popote lipime:

```
python3 -c 'import yaml; yaml.safe_load(open("user-data"))'
```

Ikinyamaza, muundo ni mzuri. Hiyo haikwambii kama majibu yako yana maana, inakwambia tu kwamba linasomeka.

Pembeni yake tengeneza faili jingine linaitwa meta-data, linaweza kuwa tupu kabisa, `touch meta-data` inatosha, ila lazima liwepo. Usiniulize kwa nini faili tupu ni lazima, we liweke tu.

Pasiwedi usiiandike kavu, weka hashi yake, yaani umbo lake lililofumbwa. Unaipata hivi:

```
openssl passwd -6
```

Inakuuliza pasiwedi mara mbili inakupa mstari mrefu unaoanza na $6$. Na hapa kuna mtego ulionila jioni nzima: nilikuwa natengeneza user-data kwa skripti, kwa ile njia ya `cat > user-data <<EOF`, kila kitu kinakubali, mashine inainstoli vizuri, ila pasiwedi haikubali. Narudia, haikubali. Nikabadilisha pasiwedi mara tatu nikidhani nakosea kuandika. Kumbe bash ikikuta $6 ndani ya EOF isiyo na alama za kunukuu inadhani ni kigezo, inakibadilisha na hewa, hashi yangu inafika ikiwa imenyofolewa kichwa. Dawa ni kuandika `<<'EOF'` na hizo alama za kunukuu, basi, bash inaacha kugusa.

Na kumbuka yeyote atakayeshika hiyo flashi anaisoma hiyo hashi, kwa hiyo usitumie pasiwedi yako ya maana. Mi naweka ya muda, na kuingia naingia kwa funguo za SSH.

Diski, hapa ndo usikimbie

Sehemu nyingine zote ukikosea unarudia. Hii ukikosea imekula kwako.

Mashine isiyokuuliza chochote haitakuuliza pia pale ulipotamani ikuulize. Ukiinstoli kwa mkono kuna ule ukurasa unaokuonyesha diski gani itafutwa na unabonyeza kukubali. Kwenye autoinstall huo ukurasa haupo. Na kama hukuandika sehemu ya storage kabisa, haisimami ikuulize, inajichagulia diski yenyewe: kama zipo kadhaa inachukua kubwa kuliko zote.

Sasa sikia. Kuna siku nilikuwa na faili lenye `size: largest`, nililiona kwenye mfano mahali nikaona lina akili, maana kwenye seva zangu diski kubwa ndo ya kuinstolia. Likafanya kazi miezi. Siku hiyo nikalipeleka kwenye kompyuta ya mezani yenye diski ya GB 500, na kwa nyuma, ambako hata sikuangalia, ilikuwa imechomekwa diski ya nje ya TB 2 yenye bakapu. Kubwa ipi? Ndo hiyo hiyo. Instola ikafuta bakapu, ikaweka Ubuntu kwenye diski ya nje, ikazima mashine kistaarabu kabisa bila hata kosa moja kwenye skrini. Nilipochomoa diski ya nje na kuwasha mashine, ikaja ule mfumo wa zamani kama vile sijafanya kitu. Ndo nikaelewa, jasho likanitoka.

Tangu hapo nalenga kwa kitu ambacho diski ya nje haiwezi kuwa nacho. Kwenye match unaweza kutumia path, serial, model, vendor, ssd na size, na kwenye path, serial na model unaruhusiwa kuweka nyota. Kwa hiyo:

Kama mashine zako zote zina NVMe (aina ya SSD za kasi), `path: /dev/nvme*` ni nzuri sana, diski ya USB haiitwi nvme kamwe, yenyewe inakuja kama sda, sdb na kadhalika. Kama ni mashine za SATA (njia ya zamani zaidi ya kuunganisha diski) hapo ngoma nzito kidogo, maana diski ya ndani na ya USB zote ni sd kitu fulani na herufi zinaweza kubadilishana kila ukiwasha, leo sda kesho sdb, usiziamini. Hapo tumia model, kwa mfano zote zikiwa zimekuja na diski za aina moja unaandika mwanzo wa jina lake na nyota. Ukitaka uhakika wa asilimia mia tumia serial, ila hapo ni faili moja kwa mashine moja. Kuona model na serial:

```
lsblk -d -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,TRAN
```

Ile safu ya mwisho inakwambia kama ni usb, sata au nvme.

Uzuri wa match ni kwamba isipopata diski inayofanana inakataa na kusimama. Ndicho unachotaka. Bora mashine igome kuliko ikubali vibaya. Na hata ukiwa na match nzuri namna gani, chomoa diski zote za nje kabla hujawasha. Mimi nafanya vyote viwili.

Halafu ile `sizing-policy: all`. Watu wengi hawaijui, halafu baada ya wiki mbili wanalalamika diski imejaa wakati ni ya GB 500. Ukichagua LVM (mfumo wa kugawa diski unaokuruhusu kupanua baadaye) bila kusema kitu, Ubuntu haikupi diski yote. Kwa nafasi ya kati ya GB 20 na GB 200 inatumia nusu, ikizidi GB 200 inakupa GB 100 tu, nyingine inaiacha wazi kwenye kundi la LVM ili uje kuipanua mwenyewe baadaye. Si mbaya kama unajua unachofanya. Mi nataka yote, naandika all.

Kila mashine na jina lake

Faili ni moja, mashine ishirini, zote zitaitwa BADILISHA? Hapana. Kuna sehemu inaitwa early-commands, amri zinazokimbia kabla instola haijaanza kazi, na uzuri ni kwamba majibu yako yote yanakaa kwenye /autoinstall.yaml, na hilo faili linasomwa tena baada ya hizo amri kwisha. Maana yake unaweza kulihariri humo humo likiwa njiani:

```
  early-commands:
    - sed -i "s/BADILISHA/pc-$(cat /sys/class/net/en*/address | head -n1 | tr -d ':')/" /autoinstall.yaml
```

Inachukua MAC (namba ya kipekee) ya kadi ya mtandao, inaondoa nukta mbili, mashine inaitwa pc-na-herufi-zake. Si jina zuri ila halijirudii, na baadaye ukiliona kwenye orodha ya DHCP unajua ni nani. Nilijaribu kwanza kutumia serial namba ya mashine yenyewe, ile ya /sys/class/dmi/id/product_serial, kwenye mashine za makampuni makubwa inatoka vizuri, ila kwenye zile za kuungaunga unakuta watengenezaji hawakujaza, inatoka "To Be Filled By O.E.M." na hilo si jina la mashine hilo.

Kuna na late-commands, hizi zinakimbia mwisho, mfumo mpya ukiwa umeshawekwa na umepachikwa kwenye /target. Kwa mfano nataka yuza wangu atumie sudo bila pasiwedi:

```
  late-commands:
    - echo 'fundi ALL=(ALL) NOPASSWD:ALL' > /target/etc/sudoers.d/fundi
    - chmod 440 /target/etc/sudoers.d/fundi
    - curtin in-target --target=/target -- systemctl enable fstrim.timer
```

Angalia mstari wa kwanza, NOPASSWD:ALL imeshikana. Ukiweka spesi baada ya nukta mbili, kama wengi tulivyozoea kuandika, YAML inaona ni ufunguo na thamani, faili linavunjika. Na zile amri zinazotakiwa kukimbia ndani ya mfumo mpya ndo zinapitia curtin in-target, ukiisahau unakuwa unarekebisha mfumo wa flashi ambao unakufa mashine ikizimwa, halafu unashangaa mbona mabadiliko hayapo.

Usijaze sana hapa. Nimeona watu wanaweka mistari mia ya late-commands, ikifeli mmoja usakinishaji wote unahesabika umefeli. Mi naweka vya kuniwezesha kuingia kwa SSH tu, vingine vyote nafanya baadaye kwa Ansible (programu ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja) nikiwa nimekaa.

Kuifikisha kwenye mashine

Njia rahisi ni flashi mbili. Ya kwanza ina ISO (faili la usakinishaji) ya Ubuntu kama kawaida. Ya pili ni flashi yoyote ndogo, unaiformati FAT na kuipa lebo CIDATA, halafu unaweka humo user-data na meta-data, juu kabisa si ndani ya folda:

```
sudo mkfs.vfat -n CIDATA /dev/sdX1
```

Chomeka zote mbili, washa. Instola inatafuta yenyewe diski yenye hiyo lebo. Ila itasimama mara moja na kukutaka uandike yes ndo iendelee, kwa sababu haikukuta neno autoinstall kwenye mstari wa kerneli (maagizo ambayo kiini cha mfumo kinapewa kikiwashwa). Hiyo si bagi, wameweka makusudi ili mtu asisahau flashi kwenye mashine akaamka diski imefutwa. Kwa mashine tano sita mi naiacha hivyo hivyo, kuandika yes si kazi, na hilo swali moja linanipa nafasi ya kuchungulia nyuma ya mashine.

Kama hutaki hata hilo, tengeneza ISO yako. Toa kwanza faili la GRUB, programu inayoanzisha mfumo:

```
xorriso -osirrox on -indev ubuntu.iso -extract /boot/grub/grub.cfg grub.cfg
chmod u+w grub.cfg
```

Ile chmod ni kwa sababu linatoka likiwa la kusomwa tu. Lifungue, tafuta mstari wa linux wa chaguo la kwanza uufanye hivi, na timeout ya 30 pale juu uipunguze iwe 3:

```
linux /casper/vmlinuz autoinstall ds=nocloud\;s=/cdrom/nocloud/ ---
```

Ona ule mkwaju wa nyuma kabla ya nukta mkato. Kwa GRUB nukta mkato ni mwisho wa amri, usipouweka inakata hapo hapo, kerneli inapata `ds=nocloud` peke yake bila kuambiwa faili liko wapi, na instola inakuja na maswali yake yote. Na mkwaju wa mwisho baada ya nocloud nao ni lazima. Naamini hivi vialama viwili vimepoteza masaa mengi ya watu kuliko kitu kingine chochote kwenye shughuli hii. Kisha unafunga:

```
xorriso -indev ubuntu.iso -outdev mpya.iso \
  -map grub.cfg /boot/grub/grub.cfg \
  -map user-data /nocloud/user-data \
  -map meta-data /nocloud/meta-data \
  -boot_image any replay
```

Hiyo replay ndo inahakikisha ISO mpya inabuti vilevile kama ya mwanzo, kwa BIOS na kwa UEFI. Iandike kwenye flashi kwa dd, angalia lsblk mara mbili kabla ya kubonyeza enta, halafu hiyo flashi iandike kwa kalamu ya wino mzito "INAFUTA" na usiichanganye na flashi zako nyingine.

Jaribu kwenye mashine pepe kwanza

Si ombi. Kila ukibadilisha hata herufi moja:

```
qemu-img create -f qcow2 jaribio.qcow2 25G
kvm -m 4096 -smp 2 -no-reboot -cdrom mpya.iso \
  -drive file=jaribio.qcow2,if=none,id=d0 \
  -device nvme,drive=d0,serial=jaribio1
```

Nimeiweka diski kama nvme makusudi, maana ukitumia virtio ya kawaida diski inaitwa /dev/vda na match yetu ya nvme itakataa. Fanya na jaribio hilo pia kwa kweli, weka virtio uone inavyogoma, ujiridhishe kwamba kufuli lako linafunga. Kama mashine zako ni za UEFI, instoli ovmf na uongeze `-bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd`.

Ule mzunguko usioisha

Hili linawapata wote mara moja. Instola inamaliza, inarestati, mashine inakuta flashi bado imechomekwa na BIOS imepangwa kuanza na USB, inabuti flashi, inafuta tena, inainstoli tena. Umeenda kula umerudi, mashine iko raundi ya tatu. Ndo maana nimeweka `shutdown: poweroff`, ikimaliza inajizima, unachomoa flashi, unaihamishia kwa jirani yake. Ukipita mezani unajua, iliyozima imemaliza, inayowaka bado. Na kwenye BIOS acha diski iwe ya kwanza, flashi uichague kwa menyu ya mara moja, kwenye mashine nyingi ni F12, F11 au F9.

Ikigoma

Bonyeza Ctrl+Alt+F2 upate terminali, angalia ndani ya /var/log/installer. Faili la subiquity-server-debug.log linakwambia instola ilifikiria nini, na curtin-install.log linakwambia kilichotokea kwenye diski na vifurushi. Kama imekuja na maswali yote, yaani haikuona faili lako kabisa, soma /var/log/cloud-init.log. Kwa uzoefu wangu wanaolaumiwa ni walewale: mstari wa cloud-config umesahaulika, tabo imejificha mahali, nukta mkato haina mkwaju, au meta-data haipo.

Ikifeli kwenye packages angalia kebo ya mtandao. Orodha ya vifurushi vya ziada inahitaji intaneti, na hata bila hiyo mwishoni instola inajaribu kushusha masasisho ya usalama, kwa hiyo kwenye mtandao wa kinyonga itachukua muda, usidhani imeganda.

Bila flashi kabisa

Mashine zikiwa nyingi kweli unaenda na PXE, yaani kubuti kupitia mtandao. Kadi ya mtandao inaomba IP, DHCP inaijibu na kuiambia faili la kubuti liko wapi, inalishusha kwa TFTP kwenye poti 69, halafu kerneli inashusha ISO kwa HTTP na user-data vilevile, unaweka `ds=nocloud\;s=http://anwani/` badala ya ile ya cdrom. dnsmasq peke yake inafanya DHCP na TFTP. Mambo mawili tu nikuonye. ISO yote inapakiwa kwenye RAM, kwa hiyo mashine ya GB 4 inaweza kukwama wakati kwa flashi ilikuwa inakubali. La pili, usiwashe DHCP yako kwenye mtandao ambao tayari una nyingine, utawavurugia watu IP zao, tumia dnsmasq kwa hali ya proxy au fanya kazi kwenye swichi yako ya pembeni isiyounganishwa na kwingine.

Kama si Ubuntu

Fedora na ndugu zake ni rahisi kuliko hata hii. Ukiinstoli kwa mkono wanakuachia /root/anaconda-ks.cfg, unalisafisha, unaliita ks.cfg, unaliweka kwenye flashi yenye lebo OEMDRV, wanaliona wenyewe. Diski unaibana kwa `ignoredisk --only-use=`, usiende na `clearpart --all` peke yake, inafagia kila inachokiona. Faili unalipima kwa ksvalidator.

Debian ni preseed, mistari mingi inayoanza na d-i, ya kizamani lakini haina mbwembwe. Ile `partman/confirm` na wenzake wote lazima uwajibu true, ukisahau mmoja inasimama katikati kukusubiri.

Windows unaweka autounattend.xml juu kabisa kwenye flashi ya usakinishaji, unalitengeneza kwa Windows System Image Manager iliyo ndani ya ADK (kifurushi cha zana za Microsoft). Huko mstari wa kuangalia kwa macho mawili unaitwa WillWipeDisk, na ule wa DiskID ulio karibu yake, maana 0 ni namba tu ya diski kwa mpangilio wa siku hiyo, si lazima iwe diski unayoifikiria wewe.